IP tano kwenye kadi moja ya mtandao: inakuwaje, na wapi watu wanajichanganya

Kuna swali linajirudia sana kwa watu wanaoanza kukodi seva zao wenyewe: nimenunua IP nne za ziada ila seva ina kadi moja tu ya mtandao na tundu moja la kebo, sasa hizo zingine nazichomeka wapi? Na majibu wanayopewa ndo yanaharibu kabisa, huyu atamwambia nunua kadi zingine nne, yule atasema weka tu zote spidi itaongezeka, mwingine atasema hayo mambo ni ya zamani siku hizi hayafanyi kazi. Wote wamekosea na kosa lao ni lilelile, wanaichukulia IP kama kitu kilichochongwa ndani ya kadi, wakati kadi kwa kazi yake ya kawaida hata haina haja ya kujua IP yako ni ipi.

Tunyooshe maneno kwanza. IP ni namba ya kufikishia pakiti (vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni) kwenye mashine, mfano 192.0.2.10 (hizi zinazoanza na 192.0.2 nitakazotumia humu zimetengwa rasmi kwa ajili ya mifano, hamna seva ya kweli huko, kwa hiyo usihangaike kuzitafuta). Intafesi ni mlango wa mashine kuelekea mtandaoni, unaweza kuwa kadi halisi yenye tundu la kebo, unaweza kuwa waifai, na kwenye VPS (seva ya kubuni unayokodi ndani ya mashine kubwa) unakuwa mlango wa kubuni tu uliotengenezwa na programu. Kwenye Linux utauona una jina kama eth0 au ens3 au enp1s0. Halafu kuna MAC, namba ya biti 48 ambayo ndiyo hasa ya kadi, inatoka nayo kiwandani, au kama ni VPS inapewa na ile programu iliyoitengeneza.

Kwa hiyo MAC ni ya kadi, ila IP ni ya mfumo endeshi. Ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, kuna orodha, na imeandikwa intafesi fulani ina anwani hizi hapa. Orodha ikiwa na mstari mmoja sawa, ikiwa na mistari mia pia sawa, chuma hakiongezeki hata gramu. Chukulia mtu ambaye kazini wanamwita Mwalimu, nyumbani wanamwita Baba, na rafiki zake wana jina lao la utani. Ni mtu yuleyule, masikio yaleyale, ukimwita kwa lolote kati ya hayo matatu anageuka. Kuitwa hakumsumbui. Shida inaanza pale anapoandika barua yeye mwenyewe, hapo lazima achague anasaini kwa jina lipi, na asipochagua atajikuta anasaini kwa lile alilozoea. Huo mfano ushike vizuri maana karibu matatizo yote ya IP nyingi yako upande wa kusaini.

Upande wa kuitwa unaenda hivi. Pakiti ya 192.0.2.11 inafika kwenye rauta iliyo mbele ya seva yako, rauta inapiga kelele kwa wote waliopo kwenye mtandao ule, nani mwenye 192.0.2.11? Hiyo kelele ndo inaitwa ARP. Seva inaangalia orodha yake, inaiona, inajibu ni mimi, MAC yangu hii hapa. Sekunde moja baadaye rauta inauliza 192.0.2.12 ni nani, seva ileile inajibu tena, MAC ileile. Rauta haishangai wala nini, inaandika kwenye jedwali lake kwamba IP hizi mbili zinaenda kwa MAC moja, maisha yanaendelea.

Na wala siyo jambo geni kama inavyosemwa. Simu au kompyuta unayosomea hapo, kama mtandao wako una IPv6 (aina mpya ya IP, hizi za mfano wetu ni IPv4), kuna uwezekano mkubwa intafesi yake moja ina anwani tatu au nne muda huu: moja ya ndani inayoanza na fe80, moja ya kudumu, na moja au mbili za muda ambazo mfumo unazibadilisha wenyewe ili usifuatiliwe kirahisi. Hakuna aliyekuambia uongeze kadi.

Kuongeza kwenyewe sasa. Kwenye Linux ni mstari mmoja:

ip addr add 192.0.2.11/24 dev eth0

Basi. Huristati kitu, waliounganishwa hawakatiki, IP ya kwanza inaendelea na kazi zake. Ukitazama kwa `ip addr show eth0` utaona kitu kama hiki:

inet 192.0.2.10/24 brd 192.0.2.255 scope global eth0
inet 192.0.2.11/24 scope global secondary eth0

Lile neno secondary kwenye mstari wa pili wengi wanalipita bila kulitazama. Maana yake ni kwamba ndani ya sabneti hii moja (kundi la anwani za mtandao mmoja, ile /24 inaonyesha ukubwa wake), 192.0.2.10 ndiye mkubwa kwa sababu aliingia kwanza, na 192.0.2.11 anakaa chini yake. Ukimfuta mkubwa, kerneli kwa tabia yake ya asili inawafuta na wadogo wote waliokuwa chini yake kwa mkupuo! Fikiria uko mbali, umeingia kwenye seva kwa SSH kupitia 192.0.2.11, unasema ngoja nitoe ile IP ya zamani, unapiga enta, na terminali inaganda hapohapo. Kuna setingi inaitwa `net.ipv4.conf.all.promote_secondaries`, ikiwa 1 basi mkubwa akiondoka anayefuata anapandishwa cheo badala ya kufutwa. Baadhi ya distro (matoleo ya Linux) zinaiwasha zenyewe, zingine haziiwashi, kwa hiyo iangalie kabla hujafuta chochote.

Wale waliojifunza miaka ya nyuma watasema mbona sisi tulikuwa tunaandika eth0:1, eth0:2. Ni kweli, enzi za `ifconfig` ilibidi kila IP ya ziada ipewe kijina chake kama vile ni kadi nyingine, na nadhani hapo ndo ile imani ya IP moja kadi moja ilipopata nguvu. Tangu Linux 2.2 ya mwaka 1999 haihitajiki tena, intafesi moja inabeba anwani nyingi moja kwa moja. Ila usichanganye zana: ukiongeza kwa `ip` bila kuipa kijina halafu ukaenda kutazama kwa `ifconfig`, huioni. Mtu anadhani haijaingia, anaiongeza tena, anaambiwa ipo tayari, anabaki anajiuliza ipo wapi. Ipo. Tazama kwa `ip`.

Tatizo lingine ni kwamba ile amri inaandika kwenye kumbukumbu tu, seva ikizimwa na kuwashwa IP imepotea. Ya kudumu inaandikwa kwenye faili. Kwa Ubuntu inayotumia netplan, unaongeza mstari kwenye orodha:

addresses:
  - 192.0.2.10/24
  - 192.0.2.11/24

halafu usikimbilie `netplan apply`, tumia `netplan try`, hiyo inakupa sekunde 120 za kuthibitisha, usipothibitisha kwa sababu umejifungia nje inarudisha setingi za mwanzo. Wa NetworkManager wana `nmcli con mod` na pale lazima uweke alama ya kujumlisha, yaani `+ipv4.addresses`, ukiisahau hiyo jumlisha hujaongeza, umefuta zilizokuwepo na kubakiza hiyo moja mpya, na alama moja tu ya kibodi inakufungia nje ya seva. Kwenye Windows Server unaingia kwenye sifa za IPv4, unabonyeza Advanced, unaongeza pale. Sitaingia ndani zaidi maana kila mfumo una njia yake na maelekezo yapo.

Kitu kimoja ambacho hakiongezwi ni njia ya kutokea, yaani getiwei. Watu wakiongeza IP wanadhani kila moja inataka na getiwei yake, wanaandika getiwei mbili tatu kwenye faili, na seva inaanza kuchagua isiyo sahihi. IP zikiwa za sabneti moja getiwei ni ileile moja. Zikiwa za kundi tofauti, kwa kawaida provaida anakuwa ameshaelekeza lile kundi kwenye seva yako, unaiweka IP na /32 (maana yake anwani hiyo moja tu) na kutoka unatokea kwa mlango uleule. Kuna provaida wenye utaratibu tofauti, hao soma maelezo yao.

Tuseme sasa IP zote zinajibu ping, ile amri ya kuuliza mashine kama ipo. Hapo ndo wengi wanadhani kazi imeisha, kumbe ping inapima kuitwa tu.

Jambo la kwanza ni programu zinasikiliza wapi. Piga `ss -ltn` uangalie safu ya anwani. Ukiona 0.0.0.0:80 maana yake hiyo programu inasikiliza poti 80 (poti ni namba inayotofautisha huduma ndani ya IP moja) kwenye IP zote, zilizopo na utakazoongeza kesho. Ukiona 192.0.2.10:80 inasikiliza hiyo moja tu. Sababu moja ya maana ya kuwa na IP nyingi ni kuendesha programu mbili tofauti kwenye poti moja, mfano seva mbili za wavuti zote kwenye 443, moja kwa IP hii nyingine kwa ile. Ila ya kwanza ikiwa imeshajitanua kwenye 0.0.0.0, ya pili itagoma kuwaka, itasema anwani inatumika tayari, na utatafuta mchawi wakati ni mstari mmoja wa setingi. Na kuna upande wa usalama hapo, ambao kwangu ni mzito kuliko huo mgongano: kama sheria za fayawoli yako zimeandikwa kwa kutaja IP ya kwanza, yaani zuia poti 3306 ya 192.0.2.10, halafu database yako inasikiliza 0.0.0.0, basi ile dakika umeongeza 192.0.2.11 umeifungulia dunia nzima database kupitia mlango ambao fayawoli haiujui. Andika sheria kwa intafesi, au baindi (funga) database kwenye 127.0.0.1, anwani ya ndani ya mashine yenyewe, au fanya vyote.

Jambo la pili ndo lile la kusaini. Seva yako inapoanzisha yenyewe mawasiliano, inatuma barua pepe, inaita API (huduma ya programu) ya mtu, inashusha masasisho, inatoka na IP gani? Siyo kwa zamu na siyo kwa bahati nasibu. Kerneli inaangalia ruti (orodha ya njia za kutokea), na kama hujasema lolote inachukua ile kubwa. Iulize kerneli mwenyewe:

ip route get 203.0.113.5

na mbele ya neno src utaona anwani itakayotumika. Mtu ananunua IP ya pili kwa ajili ya barua pepe, anaiseti, anawasha, na barua zinaendelea kutoka kwa IP ya kwanza kana kwamba hajafanya kitu. Postfix, programu ya kutuma barua pepe, ina `smtp_bind_address` ya kuilazimisha isaini kwa unayotaka, curl ina `--interface`, na programu nyingi zina kitu cha namna hiyo ukitafuta. Kama unataka mashine nzima ibadilike, ni kuandika src kwenye ruti yenyewe. Na kwa barua pepe usisahau kwamba kila IP inajitegemea huko nje, rekodi ya PTR yake (inayotaja jina la IP hiyo), sifa yake, nafasi yake kwenye SPF (orodha ya IP zinazoruhusiwa kutuma barua za domeni yako). IP mpya haina historia yoyote, au mbaya zaidi ina historia ya aliyeikodi kabla yako, kwa hiyo kagua kwenye orodha za kuzuia spamu kabla hujaanza kutuma.

Pia kumbuka ukubwa unatokana na nani aliingia kwanza. Ukibadilisha mpangilio wa mistari kwenye faili, seva ikiwashwa upya mkubwa anaweza kuwa mwingine, na ile benki au mshirika aliyeruhusu 192.0.2.10 tu kwenye fayawoli yake anaanza kukukatalia bila wewe kugusa kodi hata herufi moja. Hili linawatesa watu siku nzima kwa sababu kila kitu upande wao kinaonekana kizima.

Majibu je? Mtu akikuita kwa 192.0.2.11, jibu linatoka na jina gani? Kwa TCP, aina ya mawasiliano yenye muunganisho, usiwe na wasiwasi, muunganisho ukifunguliwa kwa jina hilo unabaki nalo mpaka mwisho. UDP, ile inayotuma pakiti bila kufungua muunganisho, ndo ina kiburi. Programu ya UDP iliyobaindi 0.0.0.0 bila kuwa makini inaweza kupokea swali kupitia .11 ikajibu kupitia .10, na aliyeuliza anatupa jibu maana hakumuuliza huyo. Kwa DNS (huduma ya kubadili majina ya tovuti kuwa IP) utaiona kabisa, `dig`, zana ya kuiulizia, inalalamika reply from unexpected source. Ndo maana BIND, programu ya seva ya DNS, ikiwaka haisikilizi kwa jumla, inaorodhesha kila IPv4 ya mashine na kuifungulia soketi yake, angalia logi zake utaziona moja moja.

Turudi kwenye zile imani. Spidi haiongezeki. Tundu la kebo la gigabiti 1 ni gigabiti 1 ukiwa na IP moja au hamsini, wanagawana bomba moja. Usalama wa kutokukatika pia hauji, kebo ikichomoka IP zote zinakufa pamoja. Kinachowachanganya hapo ni ile IP inayohama, ambapo seva mbili zinakuwa na IP moja ya ziada inayokaa kwa mmoja wao, na huyo akifa mwenzake anaichukua na kutangaza ARP kwamba sasa niko nayo mimi. Programu kama keepalived inafanya hivyo. Inatumia ufundi huuhuu wa IP ya ziada, ila kinga inatokana na ile mashine ya pili.

Ile ya kwamba kila tovuti yenye HTTPS inahitaji IP yake, hiyo ilikuwa kweli zamani. Seva ilikuwa inatakiwa itoe cheti kabla haijajua mgeni anataka tovuti ipi, kwa hiyo njia pekee ya kutofautisha ilikuwa IP aliyogonga. SNI, nyongeza ya HTTPS iliyoandikwa rasmi mwaka 2003, ikamfanya mgeni ataje jina la tovuti mwanzoni kabisa, ila ilichelewa kuenea kwa sababu Internet Explorer kwenye Windows XP haikuielewa na watu wa XP walikuwa wengi mno. Leo tovuti mia zinakaa kwenye IP moja na kila moja na cheti chake. Kama kuna anayekuuzia IP ya ziada kwa sababu hiyo tu, mwambie hapana.

Kuna sehemu IP nyingi zinaongeza uwezo wa kweli, na wachache wanaitaja. Linux ikitoka nje inachukua poti ya muda kutoka 32768 mpaka 60999, yaani 28,232 hivi. Kwa mtu wa kawaida ni nyingi kupita kiasi. Ila ukiwa na proksi (programu inayopokea maombi ya wengine na kuyapeleka mbele) inayofungua maelfu ya miunganisho kwenda seva moja, poti moja, kutoka IP moja, zinaisha, na CPU ikiwa imepumzika kabisa. Ukiipa proksi IP ya pili ya kutokea unapata seti nyingine nzima ya poti.

Usijichukulie namba tu kwa sababu umeona haijibu ping. Kwenye mtandao wako wa ndani ukichukua ya mwenzako mtagombana, rauta mara itaamini MAC yake mara yako, na wote wawili mtaona mtandao unakatika katika. Amri ya `arping -D` inakuonyesha kama kuna mwenyewe. Kwenye data senta haifiki hata huko, swichi za provaida nyingi zinatupa pakiti zenye IP ambayo hukupewa. Na kwenye klaudi kazi ni mara mbili, unaiomba kwenye paneli halafu unaiseti ndani ya mashine, ukifanya upande mmoja tu haifanyi kazi. Kule AWS, klaudi ya Amazon, kwa mfano ile IP ya umma ya IPv4 hutaiona kabisa ukipiga `ip addr`, ndani utaona ya faragha, na wao wanabadilisha njiani, kwa hiyo unachoongeza kwenye intafesi ni ya faragha ya pili halafu unaifunga na Elastic IP, yaani IP yao ya umma isiyobadilika. Idadi nayo ina kikomo kulingana na ukubwa wa mashine uliyokodi.

Kwa nini zinauzwa kabisa? Kwa sababu IPv4 ni kama bilioni 4.3 tu kwa jumla na ghala kuu la IANA lilikauka Februari 2011, zilizobaki ni za kununuliana na kukodishana. IPv6 ni kinyume, seva nyingi zinapewa /64 nzima, ambayo kwa idadi ya anwani ni sawa na IPv4 yote ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe, kwa sababu ni biti 64 dhidi ya 32 mara mbili. Hapo unaweza kuipa kila huduma anwani yake bila kuomba ruhusa. Ila kama unazitaka ili uonekane watu elfu tofauti huko nje, wanaozuia spamu na mashambulizi wameshazoea, mara nyingi wanafungia /64 yote kwa pamoja.